Redio moja, majina sita: saa ya mtoto ilikwenda wapi?

Ukitaka kujua umri wa mtu bila kumuuliza mwaka aliozaliwa, msikilize anavyoitaja redio ya taifa. Akisema TBC bila kufikiri, huyo ni kijana. Akisema RTD, au "Redio Tanzania" kwa sauti ya kujivuna kidogo kama watangazaji wa enzi hizo, huyo amekula chumvi kiasi. Na jirani yangu mmoja, bibi aliyekulia Kariakoo, atakwambia kwamba kwao walisikiliza Sauti ya Dar es Salaam. Wote watatu wanaizungumzia redio ile ile.

Nimeikumbuka baada ya kuandikiwa na mama mmoja wa Mbagala mwenye mtoto wa darasa la tatu. Anasema asubuhi wakijiandaa, redio huwa imewashwa, na mtoto sasa amekariri tangazo la kubeti kuliko alivyokariri jedwali la saba. Juzi kamuuliza baba yake "odi" ni kitu gani. Mama anaandika: "Sisi tulikuwa na Mama na Mwana. Nani alikiondoa? Na kwa nini hakuna redio iliyoziba pengo lake?"

Swali zuri. Jibu jepesi ni kwamba dunia imeharibika, na sisi wazazi tunalipenda jibu hilo kwa sababu halitudai chochote. Lakini jibu lenyewe liko kwenye historia ya nani alikuwa mwenye redio, na nani alikuwa akilipa umeme wa studio.

Redio hiyo ilianza Julai 1951, chini ya serikali ya kikoloni ya Waingereza, ikiwa kituo cha mji tu. Jina lenyewe linasema: Sauti ya Dar es Salaam. Mitambo ilipoongezewa nguvu na kuanza kufika mbali, ikawa Sauti ya Tanganyika. Mwaka 1956 likaundwa shirika kwa mfano wa BBC, Tanganyika Broadcasting Corporation, kwa kifupi TBC. Zikumbuke herufi hizo.

Mwaka 1965, miaka michache baada ya Uhuru, serikali ililivunja shirika lile na kuichukua redio iwe chini ya wizara moja kwa moja. Hapo ndipo ilipozaliwa Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD ya Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Kwa karibu miaka 30 iliyofuata, Bara hapakuwa na redio nyingine iliyoruhusiwa kurusha matangazo. Zanzibar walikuwa na yao.

Sasa fikiria maana ya jambo hilo ndani ya nyumba. Redio ilikuwa moja, imewekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Betri zilikuwa ghali, kwa hiyo zikichoka zinaanikwa juani ili zipate uhai wa siku mbili tatu. Mwenye kuizungusha swichi alikuwa baba, au babu, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikianza hata mtoto mchanga alinyamazishwa. Hakuna aliyekuwa na redio yake sikioni. Alichosikia babu ndicho alichosikia mama, ndicho alichosikia mtoto aliyekaa mkekani.

Mwenye redio alilijua hilo. Serikali ilipopanga vipindi, ilijua inazungumza na nyumba nzima kwa wakati mmoja, wakiwemo wasio na senti mfukoni. Ndiyo maana ratiba ya RTD ilikuwa na vitu ambavyo mfanyabiashara angevishangaa. Palikuwa na vipindi vya shule, mwalimu akiweka redio mbele ya darasa. Palikuwa na Ugua Pole kwa wagonjwa waliolazwa hospitali. Palikuwa na matangazo ya vifo, ambayo watu waliyasikiliza wakiwa wameshika tama, maana msiba wa ndugu wa Kigoma ungeweza kukufikia Lindi kwa njia hiyo tu. Palikuwa na Pwagu na Pwaguzi wa kuchekesha.

Na palikuwa na Mama na Mwana. Deborah Mwenda alisimulia hadithi, na watoto wa nchi nzima wakatulia. Muulize mtu yeyote aliyekua miaka hiyo kuhusu Binti Chura, uone uso wake unavyobadilika. Kilichokifanya kipindi kile kiwe kikubwa kilikuwa rahisi mno: mtu mzima mwenye sauti ya upole anazungumza na mtoto, kwa Kiswahili ambacho mtoto anakielewa, bila haraka, na bila kumuuzia kitu. Hadithi ikiisha, watoto wa mtaa wanaisimulia upya kesho yake, kila mmoja na chumvi yake. Mzazi naye alikuwa pale pale anapepeta mchele, akisikia kila neno. Hakuhitaji kumpekua mtoto ajue anasikiliza nini.

Redio hiyo hiyo ndiyo iliyoendesha Mtu ni Afya mwaka 1973. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vijijini, wakisikiliza kipindi pamoja, wakakijadili, halafu wakatoka wakachimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Sijui leo ni ujumbe gani unaoweza kuwatoa watu milioni mbili kwenye viti vyao wakashike jembe.

Lakini tusidanganyane, mzazi mwenzangu. Huwezi kuisifia saa ya mtoto ya RTD ukaficha bei yake. Mwenye redio alikuwa mmoja, kwa hiyo sauti ilikuwa moja. Habari zilikuwa habari za serikali na chama. Wimbo ulipitiwa maneno yake kabla haujapigwa, na bendi ikikataliwa pale haikuwa na mlango mwingine wa kubisha, maana studio ya RTD ndiyo iliyorekodi muziki mwingi wa dansi wa nchi hii. Mkono uliomletea mtoto hadithi ndio uliomzuia baba yake asisikie maoni tofauti. Wanaotamani redio irudi kama zamani wachukue vyote viwili, au wakubali kwamba wanachagua kumbukumbu.

Mwaka 1993 yalitokea mambo mawili, na yote mawili yanamhusu yule mama wa Mbagala.

La kwanza, Julai mwaka huo RTD ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Wengi mnamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori, mlevi, mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu aliyejifunza kusimama kwa miguu yake. Mkwaju aliishia kuugua UKIMWI. Ulikuwa mchezo kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, ila ulisikilizwa kama udaku wa jirani. Watafiti walifanya jambo la ujanja: kwa miaka miwili ya mwanzo mtambo wa Dodoma haukuurusha mchezo huo, ukarusha vipindi vingine, ili eneo lile lilinganishwe na kwingine. Walikuta kwamba pale mchezo uliposikika, watu walizungumza zaidi na wenzi wao kuhusu uzazi, na matumizi ya uzazi wa mpango yakapanda. Mwaka 1995 Dodoma nao wakaanza kuupata.

Ninalotaka ulione hapa ni pesa. Redio ilikuwa ya serikali, lakini mchezo huo ulisaidiwa na fedha za Umoja wa Mataifa kupitia shirika lake la idadi ya watu. Kwa maneno mengine, tayari mwenye redio na mwenye kulipia kipindi walikuwa wameanza kuwa watu wawili tofauti.

La pili ni sheria. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya huduma za utangazaji, na milango ya umiliki binafsi ikafunguka. Mwaka 1994 ikaja Radio One ya kampuni ya IPP ya marehemu Reginald Mengi. Radio Tumaini ya Kanisa Katoliki nayo ikasikika Dar es Salaam. Mwanza ikapata Radio Free Africa. Mwishoni mwa muongo ikaingia Clouds FM, na vijana waliokuwa wakichana mashairi vibarazani wakasikika kwenye spika za daladala. Bila redio hizi binafsi, sidhani kama Bongo Fleva ingepata pa kusimama. Msikilizaji akaanza kupiga simu na kuongea hewani kwa sauti yake, jambo ambalo baba yangu aliliona kama muujiza, kisha baada ya wiki moja akaliona kama kero.

Hapa ndipo muundo wa redio ulipobadilika, na ni vizuri tuelewe mtambo wenyewe unavyofanya kazi. RTD ilirusha kwa mawimbi ya kati na mafupi, yanayosafiri mbali na kuvuka milima, hata kama sauti inakuja na kukatika. Redio mpya ziliingia kwenye FM. FM ina sauti safi ya muziki, ila haifiki mbali. Mlima ukikaa katikati, mawimbi yanaishia hapo. Kwa hiyo mwenye redio binafsi huweka mtambo wake pale penye watu wengi wenye pesa ya kununua kitu, maana yeye haishi kwa kodi, anaishi kwa matangazo. Na matangazo yana bei kwa saa. Saa ghali kuliko zote ni asubuhi, watu wanapovaa na kukaa kwenye foleni, kisha jioni wanaporudi.

Sasa mweke mtoto wa miaka minane kwenye hesabu hiyo. Hanunui vocha. Hanunui sementi. Hana akaunti ya benki. Dakika 30 za hadithi yake ni dakika 30 ambazo ofisa masoko wa redio anaziona kama ukuta mtupu usio na bango. Kwa ninavyoona mimi, hakuna aliyekaa mezani akasema mtoto afukuzwe redioni. Aliacha tu kuwa mtu ambaye redio ilikuwa ikimhesabu.

Na RTD yenyewe? Ilibaki na majukumu yote ya zamani, huku wasikilizaji wake wa mjini wakihamia kwenye FM. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliunganishwa na Televisheni ya Taifa, wakaitwa Taasisi ya Utangazaji Tanzania. Jina hilo halikukaa midomoni mwa watu. Mwaka 2007 ikatoka amri ya kuunda shirika, na tangu hapo ni Tanzania Broadcasting Corporation. Zile herufi tatu za mwaka 1956 zikarudi baada ya nusu karne, na redio ikagawanyika kuwa TBC Taifa kwa mambo ya nchi nzima na TBC FM kwa wanaotaka burudani. Hata mtoto wa serikali ilibidi ajifunze kucheza ngoma ya jirani.

Wapo waliojaribu kuipata tena saa ya mtoto, ila mara nyingi si redioni. Ubongo Kids ilianza kuonekana TBC1 mwaka 2014, hesabu na sayansi kwa katuni na nyimbo. Waliokitengeneza ni taasisi ya hapa hapa Dar es Salaam, wala kipindi hakikuzaliwa ndani ya shirika la utangazaji, na kwa sehemu kubwa kimetegemea fedha za wafadhili. Hali ni hiyo hiyo kwa redio nyingi za jamii, kama ile ya Orkonerei kule Terrat, Simanjiro, iliyoanzishwa na wafugaji kwa ajili ya mambo yao. Redio kama hizi humkumbuka mtoto na mama mjamzito kuliko redio kubwa za mjini. Tatizo lao ni kwamba mradi ukiisha, kipindi nacho huisha, na mtangazaji aliyekuwa kipenzi cha watoto anahamia kwenye kituo kinacholipa mshahara.

Sasa turudi kwako wewe unayesoma haya kwenye simu huku uji unachemka.

Redio unayoisikiliza mtaani kwenu inaweza kubadilisha mikono bila wewe kusoma popote. Kisheria leseni haihamishwi kama baiskeli. Mabadiliko ya umiliki lazima yapitie TCRA, na Watanzania ndio wanaotakiwa kuwa na sehemu kubwa ya hisa. Lakini msikilizaji mara nyingi hugundua kwa masikio. Mtangazaji uliyemzoea anapotea bila kuaga. Wimbo wa utambulisho unabadilika. Taarifa ya habari iliyokuwa dakika 15 inakuwa mitano. Mazungumzo yanapungua, muziki unaongezeka, maana muziki ni rahisi kuuendesha kuliko kumlipa mtu wa kutafiti. Halafu unaanza kusikia bidhaa za kampuni moja kila baada ya dakika kumi, na habari mbaya za kampuni hiyo husikii kamwe. Ukiona dalili tatu kati ya hizi kwa mwezi mmoja, jua nyumba ina mpangaji mpya.

Je, uzime redio? Mama wa Mbagala ameniambia amejaribu. Mtoto akaenda kulisikia tangazo lile lile kwenye daladala, kwa kinyozi na kwenye kibanda cha chipsi. Sioni kuzima kama dawa, ingawa asubuhi tulivu haijamdhuru mtu.

Mimi ningeanza na swali la yule mtoto. Odi ni nini? Mjibu. Mwambie kuna kampuni inayochukua hela za watu wanaobashiri mechi, na kwamba hela za wanaokosa ndizo zinazolipa wanaopata, zinalipa kampuni, na zinalipa lile tangazo pia. Kisha muulize: unadhani redio inalipwa shilingi ngapi ili wewe ulisikie? Mtoto wa darasa la tatu anaielewa biashara vizuri kuliko tunavyodhani. Anajua bei ya barafu kwenye kila kibanda cha karibu na shule. Akishajua kwamba sauti ile ya furaha imelipiwa, ataanza kuisikia tofauti. Watoto wa marafiki zangu wamegeuza jambo hilo kuwa mchezo: tangazo likianza, wa kwanza kutaja "nani kalipa" ndiye anayepata kipande kikubwa cha chapati.

Saa ya hadithi yenyewe, sidhani tuisubiri irudi kutoka studio. Mama na Mwana ilikopa kitu kilichokuwepo majumbani kabla ya redio, na kukirusha hewani. Kama bibi yupo, simu yako ina kinasa sauti. Mrekodi akisimulia, hata kama anakohoa katikati na jogoo anawika nyuma. Mchezee mtoto kwa sauti ya wazi, si kwa vidude vya masikioni, ili na wewe usikie. Kama bibi yuko kijijini, akurekodie mjomba na kukutumia. Dakika kumi zinatosha.

Kisha kuna redio zenyewe. Kanuni za maudhui zinavitaka vituo vimlinde mtoto katika saa ambazo anaweza kuwa anasikiliza, na malalamiko yana njia yake: unaanza na kituo chenyewe kwa maandishi, usiporidhika unakwenda Kamati ya Maudhui ya TCRA. Wazazi wengi hatufiki hata hatua ya kwanza. Tunalalamika kwenye kundi la WhatsApp la darasa, tunawekeana vikaragosi vya hasira, basi. Barua ya wazazi kumi wa mtaa mmoja, wanaosikiliza kituo kimoja, ni jambo ambalo meneja wa vipindi analisoma, kwa sababu wale kumi ni wanunuzi wa sementi na vocha. Mnaweza hata kuomba badala ya kulaumu: nusu saa ya hadithi Jumamosi, saa ambayo matangazo yake ni rahisi, na mumtafute mwenye duka la sare za shule aidhamini. Vituo vya mikoani hukubali mambo kama haya kuliko unavyofikiri, maana navyo vinatafuta cha kujaza Jumamosi.

Mkiandika, msiandike kwamba redio zenu zinaharibu watoto wetu. Barua ya namna hiyo haina pa kushikwa. Andikeni tarehe, jina la kipindi, maneno yaliyosemwa na saa. Mama wa Mbagala tayari ana vyote vinne: tangazo lake hupita saa 12 na dakika 40 asubuhi, mtoto akiwa anafunga kamba za viatu.